Bamba la chuma la kulengea shabaha: ugumu kwanza, bei baadaye

MPIGA shabaha aliye umbali wa mita 600 hupata taabu kuona tundu ambalo risasi yake imelitoboa kwenye karatasi, hata akiwa na darubini nzuri. Ndiyo maana wapenzi wengi wa mchezo huo nchini Marekani hutundika mabamba ya chuma. Risasi ikilipata bamba, bamba hutikisika, na mlio wake humfikia mpigaji baada ya sekunde mbili hivi.

Mchezo wa kulenga vyuma kwa bunduki ulitokea Mexico, ambako hadi leo hutumika maumbo ya wanyama: kuku kwa mita 200, nguruwe mwitu kwa mita 300, bata mzinga kwa mita 385 na kondoo dume kwa mita 500. Humo mnyama sharti aanguke ndipo alama ihesabiwe. Katika mashindano mapya zaidi, kama yale ya Precision Rifle Series yaliyoanza Marekani mwaka 2012, aghalabu bamba huning'inizwa, na kuligusa kunatosha.

Hata hivyo, si kila chuma kinafaa kupigwa risasi, na hapa ndipo wanaoanza hukosea.

Chuma cha kawaida, kile cha mageti na mihimili ya nyumba, ni laini mno. Risasi ya bunduki hukichimba na kuacha kishimo chenye kingo zilizoinuka. Risasi inayofuata ikiingia katika kishimo hicho, vipande vyake huzungushwa na kurudishwa kule vilikotoka, yaani kwa mpigaji na waliosimama kando yake. Juu ya bamba gumu lililo tambarare mambo ni tofauti: risasi hupasuka, na vipande hutawanyika pembeni, karibu sambamba na uso wa bamba. Kwa hiyo anayechagua chuma huwa anachagua pia mahali vipande vitakapokwenda.

Ugumu hupimwa kwa kipimo kilichobuniwa mwaka 1900 na mhandisi wa Sweden, Johan August Brinell. Chuma cha kawaida huwa kati ya 120 na 160 katika kipimo hicho. Kile kiitwacho AR500, ambacho asili yake ni kazi za migodini, kama vile kuta za ndani za malori ya kubebea mawe, hufikia takriban 500. Muuzaji asiyeweza kutaja ugumu wa bamba lake hafai kusikilizwa, hata bei ikiwa ya kuvutia.

Unene unaotumika sana kwa bunduki ni milimita 9.5. Kwa risasi kubwa zenye nguvu zaidi huchukuliwa milimita 12.7. Watengenezaji wengi huonya kwamba risasi isilipige bamba kwa kasi inayozidi mita 914 kwa sekunde, wala mpigaji asiwe karibu zaidi ya mita 91. Anayepiga mbali ana nafuu: risasi ya .308 Winchester hutoka mtutuni kwa karibu mita 800 kwa sekunde, lakini ifikapo mita 600 huwa imeshuka chini ya 500. Risasi zenye kiini cha chuma haziruhusiwi kabisa.

Jambo jingine ambalo wanunuzi hulipuuza ni namna bamba lilivyokatwa. Moto wa gesi hulegeza ugumu wa pembezoni, na kuunga kwa kulehemu hufanya vivyo hivyo. Mabamba yaliyokatwa kwa maji yenye shinikizo au kwa mwanga wa leza hubaki magumu hadi ukingoni. Boliti za kutundikia nazo ziwe na vichwa vya mviringo, kwa kuwa kichwa chenye kona huweza kurusha kipande popote.

Kuhusu ukubwa, dakika moja ya pembe ni takriban sentimita 29 kwa umbali wa mita 1,000. Anayejifunza huanza vyema na bamba la dakika mbili, sawa na sentimita 35 hivi kwa mita 600. Kubwa zaidi ya hapo humpa mtu furaha ya bure, na tena ni mzigo: bamba la sentimita 60 kwa 60 lenye unene wa milimita 9.5 lina karibu kilo 27, na si watu wengi watakaolipandisha kilimani mara mbili.

Likishatundikwa, bamba huinamishwa kidogo mbele ili vipande viangukie ardhini, na hupakwa rangi nyeupe ili alama ya kijivu ionekane. Nyuma yake huwa tuta la udongo. Miwani ya kinga huvaliwa na kila aliyepo, watazamaji wakiwemo.

Aidha, nyasi kavu mbele ya bamba hufyekwa. Mwaka 2013 watafiti wa Idara ya Misitu ya Marekani walipiga risasi mabamba ya chuma na kuthibitisha kwamba vipande vyake huweza kuwasha moto, hasa vya risasi za shaba tupu na zile zenye chuma ndani. Mwaka mmoja kabla, moto ulioanzishwa na wapiga shabaha jimboni Utah ulikuwa umewahamisha maelfu ya watu majumbani mwao.

Kabla ya kila zoezi bamba hukaguliwa kwa jicho na kwa mkono. Lenye kishimo au ufa huondolewa uwanjani siku hiyo hiyo.