Huruma kwa Muuaji Ipitie kwa Waliofiwa

Oktoba 2016, Rais Uhuru Kenyatta aliwaondolea wafungwa 2,747 adhabu ya kifo na kuwapa kifungo cha maisha. Rais Mwai Kibaki alikuwa amefanya vivyo hivyo mwaka 2009 kwa wafungwa zaidi ya 4,000. Kenya haijamnyonga mtu tangu 1987, kwa hiyo kitanzi hakikuwa tishio la karibu. Lililobaki ni swali gumu zaidi: muuaji aliyetubu aachiliwe, na neno la nani lisikilizwe kwanza?

Mlango ulipanuka tarehe 14 Desemba 2017. Katika kesi ya Muruatetu, Mahakama ya Juu ilitamka kwamba kumlazimisha jaji atoe hukumu ya kifo kwa kila muuaji ni kinyume cha Katiba. Maombi ya kuhukumiwa upya yakamiminika katika Mahakama Kuu, Nakuru na Naivasha zikiwemo. Katika maombi hayo jaji huagiza ripoti ya afisa wa probesheni, naye hufunga safari hadi kijijini. Humhoji chifu, huwauliza jamaa za mfungwa kama watampokea, kisha hubisha hodi kwa waliofiwa. Mara nyingi hodi hiyo ya mwisho ndiyo nzito kuliko zote.

Makanisa yameizoea njia ya gerezani, na yanastahili sifa. Injili ya Mathayo inamhesabu aliyemtembelea mfungwa kuwa amemtembelea Kristo mwenyewe. Lakini Biblia hiyohiyo haichanganyi msamaha na kufutiwa adhabu. Mhalifu aliyetubu msalabani aliahidiwa paradiso, ila hakushushwa. Zakayo hakuishia kwenye toba ya moyoni. Aliahidi kurudisha mara nne alichodhulumu. Kitabu cha Hesabu kilimpa kimbilio aliyeua bila kukusudia, kikakataza fidia ya kumkomboa aliyekusudia. Mhubiri anayesimulia ushuhuda wa mfungwa aliyeokoka bila kumtaja marehemu amesoma nusu ya kitabu.

Tena huruma ina tabia ya kumjua mwenye mali. Aprili 2005, Tom Cholmondeley, mrithi wa ukoo tajiri wa Delamere, alimpiga risasi Samson ole Sisina, askari wa wanyamapori, katika shamba la Soysambu. Serikali ikaondoa mashtaka ya mauaji. Mei mwaka uliofuata akampiga risasi Robert Njoya, mwashi, katika shamba hilohilo. Mwaka 2009 alipatikana na hatia ya kuua bila kukusudia, akafungwa miezi minane juu ya miaka mitatu aliyokwisha kukaa rumande. Hilo halikuwa kosa la mauaji ya kukusudia, na jaji alikuwa na sababu zake. Hata hivyo, aliyeomboleza alijionea jinsi upole wa sheria unavyopimwa.

Katika Bonde la Ufa kumwachilia muuaji kuna uzito wa pekee. Molo, Njoro na Kuresoi zimemwaga damu kwa awamu, tangu miaka ya 1990 hadi 2008, na jirani wa kabila moja anapakana shamba kwa shamba na wa kabila lingine. Anayetoka jela harudi mji mgeni. Anarudi kwenye kisima kilekile, soko lilelile, na pengine benchi lilelile la kanisa. Raphael Ndingi Mwana a'Nzeki, aliyekuwa askofu wa Nakuru kuanzia 1971 hadi 1996, alikemea hadharani mauaji na ufurushaji wa miaka ya 1990. Kanisa la hapa, basi, lilikwisha kuonyeshwa upande wa kuanzia: kwa aliyeumizwa.

Katiba yenyewe inalegea hapo. Kifungu cha 133 kinampa Rais uwezo wa kusamehe kwa ushauri wa kamati, na kamati hiyo imeruhusiwa tu kuzingatia maoni ya waathiriwa, haikulazimishwa. Yapo mapingamizi ya haki dhidi ya kuilazimisha: mjane mwenye uchungu asigeuzwe hakimu, na chuki ya kikabila isije ikavaa joho la msiba. Ni kweli. Ila kusikilizwa si kupewa kura ya turufu. Kusamehe ni kwa aliyefiwa, kuachilia ni kwa dola, na hakuna anayeweza kufanya kazi ya mwenzake.

Bunge lifanye kuwasikiliza waliofiwa kuwa sharti kabla ya mfungwa yeyote wa mauaji kusamehewa. Na parokia au kanisa linaloandika barua ya kumtetea mfungwa lipeleke kwanza wazee wake kwa familia ya marehemu, wakaulize watoto wanasomeshwa na nani.