Kukalika na Kukaliwa

Katika tarikhi ya elimu ya nyota, tarehe 17 Aprili 2014 ina daraja yake. Siku hiyo wanazuoni walioongozwa na Elisa Quintana, huko Marekani, walitangaza sayari iitwayo Kepler-186f. Ilikuwa ya kwanza, kwa ukubwa ulio karibu na wa dunia yetu, kupatikana katika ukanda wa nyota yake ambamo maji yaweza kudumu bila ya kuganda yote wala kugeuka mvuke.

Habari hii ilianza zamani. Katika miaka ya 1990, William Borucki aliomba mara nne kiundwe chombo cha kutafutia sayari, na mara nne akakataliwa. Ombi lake lilikubaliwa mwaka wa 2001, na chombo hicho, Kepler, kikarushwa Machi 2009. Kwa miaka minne kilitazama nyota zaidi ya 150,000 pasipo kupepesa, kikipima nuru ya kila moja. Sayari ipitapo mbele ya nyota yake, nuru hupungua. Upungufu huo huonyesha ukubwa wa sayari, na marudio yake huonyesha urefu wa mwaka wake.

Nyota ya Kepler-186 ni kibete nyekundu, ambayo kipenyo chake ni kama nusu ya kile cha jua. Udogo huo ulisaidia, maana kitu kidogo huziba sehemu kubwa zaidi ya taa ndogo. Hata hivyo, nuru iliyozibwa haikufika sehemu 1 kati ya 2,000. Mwaka wa sayari hiyo ni siku 130, na nuru ipatayo ni kama theluthi ya ile tuipatayo sisi.

Hapa yatupasa kupima maneno. Thomas Barclay, mmoja wa wanazuoni hao, aliifananisha na binamu wa dunia, si pacha wake. Kiswahili nacho chatenga kukalika na kukaliwa: la kwanza ni uwezekano, la pili ni jambo lililokwisha kuwa. Sayari hii i mbali, kiasi cha miaka ya nuru 580. Uzito wake haujapimwa, wala haijulikani kama ina hewa. Tena nyota za jamii hii aghalabu hutoa milipuko ya miale iwezayo kuiondoa hewa ya sayari iliyo karibu. Basi hata kukalika kwake ni kwa sharti.

Aandikaye "inakaliwa" badala ya "inakalika" hubadili herufi moja tu, na kwa herufi hiyo humnyang'anya msomaji ukweli. Borucki na wenziwe walivumilia miaka mingi ili waseme jambo dogo lenye hakika. Sisi tuwapokezao wengine habari hiyo hatuna haki ya kuliongeza.