Mgeni Njoo, Mwenyeji Apone

Kila fani ina maradhi yake. Wanaoijua huizidishia ugumu mwaka hata mwaka, wapate kushindana wao kwa wao, mpaka mgeni akija hana pa kuingilia. Maradhi haya yamo katika elimu, yamo katika ufundi, na yamo hata katika michezo. Leo tutazame michezo ya video, kwani katika jambo dogo mara nyingi huonekana vizuri lile kubwa.

Katika miaka ya 1990 Mjapani mmoja mtunga michezo, Masahiro Sakurai, aliingia katika ukumbi wa mashine za michezo akacheza mchezo wa kupigana. Akamshinda mpinzani wake vibaya sana. Alipotazama, kumbe ni mwanamume na mwanamke waliokuja kujiburudisha tu, wageni kabisa wa mchezo ule. Sakurai mwenyewe amesimulia kwamba ushindi huo ulimtia majuto. Na ni haki yake kujuta, kwani mgeni akipigwa namna ile siku ya kwanza, atarudi kwa sababu gani?

Mwaka 1999 kampuni ya Nintendo ikatoa mchezo alioutunga, Super Smash Bros. Katika michezo mingi ya kupigana ilibidi mtu ahifadhi mfululizo mrefu wa vitufe, na mpigaji hodari alimmaliza mwenzake kabla hajajua kilichompata. Sakurai akaiondoa kazi hiyo ya kuhifadhi. Mchezaji hubonyeza kitufe kimoja na kuelekeza upande. Kila apigwapo, hesabu yake hupanda, na kadiri ipandavyo ndivyo arushwavyo mbali zaidi. Ashindwaye ni yule aliyetupwa nje ya uwanja asiweze kurudi. Mtoto huelewa kwa kutazama tu, na bingwa naye bado ana la kujifunza.

Wala hii haikuwa mara ya kwanza kwa kampuni hiyo. Nintendo ilianzishwa mjini Kyoto mwaka 1889 na Fusajiro Yamauchi, ikitengeneza karata za maua. Tusifiche jambo: karata hizo zilipendwa mno na wacheza kamari. Lakini mwaka 1959, chini ya uongozi wa Hiroshi Yamauchi, kitukuu cha mwanzilishi, kampuni ilitoa karata zenye picha za Disney, na karata zikaingia majumbani, zikachezwa na wazazi pamoja na watoto. Biashara ilibaki ya karata, ila walioalikwa ni wengine.

Satoru Iwata aliposhika uongozi mwaka 2002, alijishughulisha na wale wasiocheza. Ni kitu gani kiliwazuia? Kimoja kilikuwa ni kile kidude cha kushikwa mikononi, kilichokwisha kujaa vitufe hata kikamtisha asiyekizoea. Basi mwaka 2006 ikatoka mashine ya Wii, na kidude chake kilifanana na rimoti ya televisheni. Ukitaka kupiga mpira wa tenisi, unapunga mkono. Ziliuzwa zaidi ya mashine milioni 100, na hata katika nyumba za kutunzia wazee huko Marekani na Uingereza vikongwe walishindana kuvingirisha tufe na kuangusha vigingi.

Mwaka 2015 ikafika zamu ya michezo ya kupiga risasi, ambayo kwa kawaida hesabu yake ni nani ameua wangapi. Nintendo ikatoa Splatoon. Humo wachezaji ni ngisi wenye umbo la watoto, na silaha zao hurusha wino wa rangi. Timu mbili za watu wanne wanne hushindana kwa dakika tatu, na katika shindano lake kuu mshindi ni timu iliyopaka rangi sehemu kubwa zaidi ya ardhi. Kwa hiyo asiyejua kulenga shabaha, akipaka pembe moja kwa bidii, amewafaa wenzake. Hapo mnyonge naye amepewa kazi yenye thamani.

Usidhani, msomaji, kwamba nia ya kualika watu inatosha. Wii U ya mwaka 2012 haikufikia mauzo ya milioni 14. Wengi hawakuelewa hata ni kitu gani. Hasara ilipoingia, Iwata alipinga wazo la kufukuza wafanyakazi. Alisema kwamba mwenye kuogopa kufukuzwa hawezi kutengeneza kitu cha kugusa nyoyo za watu, na mwaka 2014 akajikatia nusu ya mshahara wake kwa miezi kadhaa. Alifariki mwaka 2015, akiwa na umri wa miaka 55.

Tukumbuke pia kwamba kampuni hii ni ya biashara, na mlango mpana hupitisha mema na mabaya. Mchezo rahisi kuingia waweza kuwa mgumu kutoka, na saa iliyopotea hairudi. Kila mzazi na aangalie nyumba yake.

Hata hivyo, funzo limebaki. Wewe uliye mwalimu, fundi au mzee wa familia, jiulize: ni nani aliyesimama nje ya mlango wako, na ni kitu gani ulichoweka wewe mwenyewe kinachomzuia? Pengine hahitaji kurahisishiwa elimu yako. Anahitaji kizingiti kimoja tu kiondolewe. Akiingia, fani yako ndiyo itakayopona.