Krismasi ya Iringa na Mtoto wa Waliotawaliwa

Mwaka 1898 ulikuwa mzito kwa Uhehe, nchi ya Wahehe huko Iringa. Tarehe 19 Julai mtawala wao, Mtwa Mkwawa, alijipiga risasi ili asitiwe mikononi mwa Wajerumani, miaka minne baada ya ngome yake ya Kalenga kuanguka. Kichwa chake kilichukuliwa na washindi, na fuvu lililokubaliwa kuwa lake halikurudi Kalenga hadi 1954. Mwaka huohuo wa 1898 serikali ya kikoloni ilianza kutoza kodi ya nyumba, rupia 3 kwa nyumba ya kijijini. Mapadri Wabenediktini walikuwa wameshafungua misheni Tosamaganga, si mbali na magofu ya Kalenga, nao Walutheri wa Misheni ya Berlin walikuwa wakisogea kutoka kusini kupitia Ubena. Hapo ndipo habari ya Krismasi ilipoanza kusimuliwa katika nchi hii: katikati ya msiba, hesabu na kodi.

Tuitazame basi habari yenyewe. Luka anaianza na amri ya Kaisari Augusto kwamba watu waandikishwe. Mama mjamzito anasafirishwa hadi Bethlehemu kwa sababu mtawala wa mbali anataka kujua idadi ya raia wake, anajifungua pasipo na nafasi, na mtoto analazwa katika hori ya mifugo. Mathayo anaongeza Herode, watoto waliouawa na familia inayokimbilia Misri. Wakristo hukiri kwamba katika mtoto huyo Mungu alitwaa mwili. Mara nyingi tunasahau kuuliza mwili wa nani. Haukuwa wa Kaisari wala wa karani wake. Ulikuwa wa mtu aliyehesabiwa. Ninaona hicho ndicho kiini cha Krismasi, na wasikilizaji wa Uhehe, wafugaji waliojua harufu ya zizi na sasa wakiijua sauti ya askari wa boma, walikuwa karibu nacho kuliko hao waliowaletea habari.

Atakayepinga atasema sikukuu hii ililetwa na wakoloni, kwa hiyo ni mali yao. Ni kweli kwamba misheni na boma mara nyingi vilikula sahani moja, na mahubiri ya utii yalikuwa mengi. Lakini mwaka 1916, Waingereza walipoitwaa Iringa katika Vita Kuu ya Kwanza, wamisionari Wajerumani waliondolewa, na Wamisionari wa Consolata kutoka Italia walianza kufika mwaka 1919. Katika miaka hiyo ya vita na njaa, walimu Waafrika ndio waliozishika sharika nyingi za Nyanda za Juu Kusini. Kama imani hii ingekuwa joho la mtawala tu, ingefungashwa pamoja na mizigo yake.

Wengine hushika tarehe. Injili haitaji Desemba 25. Ushahidi wa kale zaidi tulio nao wa kuadhimishwa kwa siku hiyo ni kalenda ya Roma iliyokusanywa mwaka 354. Na ile ishara ya mwanga unaorudi baada ya usiku mrefu wa baridi kali haina nguvu huku kusini mwa Ikweta, ambako Desemba mchana ni mrefu kidogo kuliko usiku, mvua zimeanza, mahindi yanapandwa na ulanzi unagemwa. Sioni hasara. Maana ya sikukuu hii haikutegemea majira ya Ulaya. Ilitegemea hori na amri ya Kaisari. Wala siungani na wanaolaumu pilau, nguo mpya na mabasi yaliyojaa yakipanda mlima Kitonga kuwarudisha watu kwao. Imani inayosema Mungu alikuwa na mwili haiwezi kuudharau mwili unaokula. Kinachostahili lawama ni sherehe inayomwacha jirani asiye na unga.

Wahubiri wa Iringa, Wakatoliki kwa Walutheri, mkesha huu msikimbilie malaika na nyota. Isomeni pia ile orodha ya Augusto, na msimruke Herode.