Kadi ya michoro kwa mwenye fedha chache: Pima mashine kabla ya kufika dukani

Vijana wengi nchini wanaosomea usanifu wa majengo, wanaohariri video za harusi au wanaopenda michezo ya kompyuta huanza safari yao kwa kompyuta ya mezani iliyokwisha kutumika katika ofisi za ng'ambo, ile ambayo wauzaji wa jijini Nairobi huiita "ex-UK". Mashine hizo ni imara na bei yake ni nafuu. Hata hivyo, aghalabu hufika siku ambapo mwenyewe anaona kazi zimeilemea, na ushauri anaopewa ni mmoja: aongeze kadi ya michoro.

Hapo ndipo akiba ya miezi kadhaa huweza kupotea. Kadi hununuliwa kwa kuangalia jina na bei, kisha ikifikishwa nyumbani inagunduliwa kuwa haitoshei ndani ya mashine, au inatoshea lakini umeme hauitoshi. Kwa mwenye fedha chache, kadi bora si ile yenye nguvu kuliko zote anazoweza kumudu, bali ni ile ambayo mashine yake inaweza kuibeba. Mtu hujikuna ajipatapo.

Je, kadi inahitajika?

Kadi ya michoro ni kifaa chenye prosesa na kumbukumbu yake chenyewe, na kazi yake ni kukokotoa picha zinazoonekana kwenye skrini. Prosesa nyingi za Intel na baadhi ya zile za AMD huwa tayari na sehemu ya michoro ndani yake. Kwa anayeandika barua, kuvinjari mtandao au kutazama filamu, hiyo inatosha.

Sehemu hiyo ya ndani hutegemea kumbukumbu ya RAM ya kompyuta. Mashine yenye kipande kimoja cha RAM hufanya kazi ya michoro polepole kuliko yenye vipande viwili vinavyolingana. Hivyo basi, kabla ya kununua kadi, ni busara kwanza kuongeza kipande cha pili. Gharama yake huwa ndogo, na wakati mwingine tatizo huisha papo hapo.

Aidha, umri wa mashine uzingatiwe. Windows 10 ilifikia mwisho wa huduma yake ya kawaida Oktoba 14, 2025, na Windows 11 haikubali rasmi prosesa za Intel Core zilizotangulia kizazi cha 8, isipokuwa chache mno. Si hekima kuipachika kadi ya bei kwenye mashine inayokaribia kustaafu.

Vipimo vinne

Kipimo cha kwanza ni umeme. Nafasi ya PCI Express ambamo kadi huchomekwa hutoa wati 75 pekee. Kadi inayohitaji zaidi ya hapo huongezewa kwa waya kutoka kwenye kisanduku cha umeme, kile ambacho mafundi hukiita pawasaplai. Kompyuta nyingi ndogo za ofisini zina pawasaplai ya wati kati ya 180 na 260, na hazina waya huo wa ziada. Isitoshe, kampuni kama Dell na HP hutumia viunganishi vya muundo wao, hivyo kubadilisha pawasaplai si jambo jepesi. Kwa mashine ya aina hii, kadi isizidi wati 75 na isiwe na tundu la waya wa ziada.

Cha pili ni ukubwa. Kasha jembamba hupokea kadi fupi tu, yenye kibati kifupi cha kuifunga. Kasha la kawaida lililosimama hupokea kadi ya kimo kamili, ilhali kompyuta ndogo mno zinazotoshea kiganjani kwa kawaida hazina nafasi ya kadi kabisa. Rula na bisibisi ni vyombo vya lazima kabla ya safari ya dukani.

Cha tatu ni skrini. Skrini nyingi kuukuu hutumia waya wa VGA, ilhali kadi za miaka ya karibuni hazina tundu hilo. Adapta yenye saketi ya kubadili mawimbi itahitajika, na bei yake ijumlishwe kwenye bajeti.

Cha nne ni kumbukumbu ya kadi yenyewe. GB 2 ni finyu kwa kazi za leo. GB 4 ni kiwango cha chini cha kuvumilika, na GB 6 humpa mnunuzi nafasi ya kupumua.

Majina yanayofaa kujulikana

Miongoni mwa kadi zisizohitaji waya wa ziada, GeForce GTX 1050 Ti ya mwaka wa 2016 ilivuma sana na bado hupatikana mitumba. Lakini NVIDIA ilikomesha maboresho ya kawaida ya programu endeshi zake Oktoba 2025, na kubakisha marekebisho ya usalama pekee hadi Oktoba 2028. GTX 1650 ya mwaka wa 2019 ina kasi zaidi na ni ya kizazi cha baadaye. Tofauti ya bei ikiwa ndogo, hiyo ndiyo ya kuchukuliwa, almuradi mnunuzi ahakikishe ni toleo lisilo na tundu la waya, kwa kuwa matoleo yote mawili yapo.

Radeon RX 6400 ya mwaka wa 2022 hutumia wati 53 tu na huja kwa umbo fupi. Ila hupungua kasi kwenye mashine za zamani kwa sababu ya mawasiliano yake finyu na bodi kuu, na haina sehemu ya kusimba video. Mhariri wa video aiepuke. Kadi za Intel Arc nazo husifiwa kwa kazi ya video, lakini zinahitaji bodi yenye uwezo uitwao Resizable BAR, ambao kompyuta nyingi za zamani hazina.

Mwenye uwezo zaidi kidogo anaweza kutazama RTX 3050 ya GB 6 iliyotoka mwaka wa 2024, ambayo hutumia wati 70. Asiichanganye na RTX 3050 ya GB 8 ya mwaka wa 2022, inayotumia wati 130.

Mtego wa jina moja kwa vitu viwili upo pia kwa GT 1030. Toleo la mwaka wa 2017 lina kumbukumbu ya GDDR5, ilhali la mwaka wa 2018 lina DDR4, ambayo hupitisha data kwa takriban theluthi moja tu ya kasi ya lile la kwanza. Sanduku lisomwe hadi mstari wa mwisho.

Kununua mtumba

Kadi nyingi kama Radeon RX 580 zilitumiwa usiku na mchana kuchimba sarafu za kidijitali. Ethereum ilipoacha mfumo huo Septemba 2022, nyingi zilimiminika sokoni. Si zote mbovu, lakini feni na vilainishi vya joto huwa vimechoka. Isitoshe, RX 580 huhitaji wati 185, hivyo haifai kompyuta ndogo ya ofisini.

Zipo pia kadi ghushi: chipu za kale kama GTS 450 ya mwaka wa 2010 hubadilishwa programu ya ndani ili zijitambulishe kuwa GTX 1050 Ti. Programu ya bure iitwayo GPU-Z huweza kufichua nyingi ya hizo.

Kwa hivyo, asikubali mtu kuuziwa mbuzi kwenye gunia. Kadi ichomekwe kwenye mashine mbele ya mnunuzi, ifanyishwe kazi nzito kwa dakika 20 hivi, na joto lake lifuatiliwe. Vidoa au mistari ya ajabu kwenye skrini, feni inayokwaruza na mashine kujizima ni dalili za kuondoka. Muuzaji akikataa jaribio hilo, jibu limepatikana.

Hatimaye, mnunuzi adai risiti yenye nambari ya kadi na muda wa kuirudisha, hata ukiwa wa wiki moja. Bora zaidi, abebe mashine yake hadi dukani. Kadi ikiwaka humo, yaliyosalia ni kulipa tu.