Siku Mbili Chianti na Hesabu ya Nusu

Ukiwa na siku mbili tu za kuonja mvinyo wa Chianti, kabla ya kuchagua chupa inabidi uchague Chianti yenyewe, maana ziko mbili.

Ya kwanza ni ya zamani. Tarehe 24 Septemba 1716, Cosimo III de' Medici, mtawala wa Toscana, alitoa amri iliyochora mipaka ya maeneo manne ya mvinyo: Chianti, Pomino, Carmignano na Val d'Arno di Sopra. Jina lilikuwa limeshapata soko hadi nje ya nchi, na wajanja walikuwa wakilipachika kwenye mvinyo wa kwingine. Ya pili ni ya 1932, serikali ilipolitanua jina hilo hadi vilima vya Arezzo, Pisa na Pistoia. Wazalishaji wa eneo la zamani, ambao tangu 1924 walikuwa wameungana mjini Radda chini ya nembo ya jogoo mweusi, walibaki na neno moja la kujitofautisha: Classico. Ndiyo maana jogoo yule yuko kwenye baadhi ya chupa za Chianti na kwenye nyingine hayupo.

Sisi tuko wanne, wanafunzi wa shahada ya uzamili, na tumechagua upande wa jogoo, kati ya Firenze na Siena. Basi la kutoka Firenze linafika Greve, lakini kwenda mashambani kwenyewe usafiri ni wa shida, kwa hiyo tunakodi gari. Sheria ya Italia haivumilii zaidi ya gramu 0.5 za pombe kwa lita moja ya damu, na dereva ambaye leseni yake haijatimiza miaka mitatu haruhusiwi hata tone. Kwa bahati nzuri, mwenzetu mmoja hanywi kabisa, na usukani ni wake. Tumepanga mashamba mawili kwa siku, moja asubuhi na jingine alasiri, na yote tunayaarifu mapema kwa sababu Septemba na Oktoba ni msimu wa mavuno na wenyeji wana kazi zao. Mezani huwekwa chombo cha kutemea. Kutema mvinyo pale si utovu wa adabu. Anayemeza kila kitu hafiki glasi ya tano akiwa bado anatofautisha ladha.

Siku ya kwanza ni Greve, Panzano na Radda. Ya pili ni Gaiole, kwenye ngome ya Brolio. Hapo ndipo aliishi Bettino Ricasoli, mtu aliyekuwa waziri mkuu wa Italia mara mbili na aliyetumia miaka mingi kufanya majaribio ya zabibu. Mwaka 1872 alimwandikia barua Profesa Cesare Studiati wa Chuo Kikuu cha Pisa, akaeleza matokeo: Sangiovese kwa harufu na nguvu, Canaiolo ya kuulainisha ukali, na Malvasia, zabibu nyeupe, kwa mvinyo wa kunywewa upesi. Kanuni za Chianti zilifuata njia hiyo kwa muda mrefu. Leo Chianti Classico lazima iwe na Sangiovese asilimia 80 au zaidi, na zabibu nyeupe haziruhusiwi tena.

Mtawala tunamjua, mwenye ngome tunamjua. Lakini nani alikuwa akipogoa mizabibu na kubeba vikapu?

Jibu liko kwenye neno mezzadria, lenye maana ya nusu ndani yake. Kwa karne nyingi ardhi ya Toscana iligawanywa katika mashamba madogo, kila moja na nyumba yake ya mawe. Mwenye ardhi alitoa shamba na nyumba, familia ya mkulima ikatoa nguvu zake zote, na mavuno yakakatwa nusu kwa nusu. Juu ya nusu hiyo yaliongezwa mayai na kuku wa kumpelekea tajiri kila mwaka. Msimamizi alishika daftari la hesabu, na deni la mwaka mmoja liliingia mwaka uliofuata. Mkataba uliweza kuvunjwa, na familia nzima ikahama.

Wakulima walipigania sehemu yao. Mwaka 1947 ilipanda hadi asilimia 53. Mwaka 1964 sheria ikaifikisha asilimia 58 na kupiga marufuku mikataba mipya ya aina hiyo. Kufikia hapo wengi walikuwa wamekwisha kuondoka kwenda viwandani, Prato, Empoli na Poggibonsi, na nyumba za mawe zikabaki tupu.

Kuondoka kwao kulibadilisha hata sura ya vilima. Zamani mizabibu mingi ilipandishwa juu ya miti, na ngano ikalimwa katikati ya safu, kwa sababu familia ilipaswa kula kutokana na shamba hilohilo. Ile mistari minyoofu ya mizabibu mitupu tunayoiona kwenye picha, tukidhani imekuwapo tangu enzi za Medici, kwa sehemu kubwa ilipandwa baada ya wakulima kuhama, trekta zilipoingia.

Na zile nyumba? Mwaka 1985 Italia ilitunga sheria ya utalii wa mashambani, na nyingi zikawa nyumba za wageni. Chumba tulichokodi kiko katika nyumba ya namna hiyo. Ghorofa ya chini, tutakakopata kifungua kinywa, kwa desturi ya nyumba hizo ndiko walikolala ng'ombe.

Haya yote hayauharibu mvinyo. Yanaongeza swali moja kwenye orodha yetu, baada ya yale ya mwaka wa mavuno na aina ya pipa: familia gani ilikaa hapa kabla ya wageni, na ilikwenda wapi? Katika kila shamba tumeacha nusu saa ya kulisikiliza jibu.