Majira ya Mwaka na Vilima vya Mchanga vya Mirihi

Vilima vya mchanga vya sayari ya Mirihi vilionekana mara ya kwanza mwaka 1972, katika picha za chombo cha Marekani, Mariner 9, zilizoonyesha shimo la kimondo liitwalo Proctor, kusini mwa sayari hiyo. Miaka minne baadaye vyombo vya Viking vilipiga picha za bahari ya mchanga mweusi, wenye asili ya volkano, inayoizunguka ncha ya kaskazini.

Kwa zaidi ya miaka 30 vilima hivyo vilihesabiwa na wengi kuwa masalia ya zama za kale. Hoja yao ilikuwa na uzito: hewa ya Mirihi ni nyepesi mno, kanieneo yake haifikii asilimia 1 ya ile ya Dunia, na picha hazikuonyesha mabadiliko ya maana. Kumbe upungufu ulikuwa wa kamera. HiRISE, kamera iliyofika Mirihi mwaka 2006, iliweza kutambua kitu chenye upana wa mita 1 hivi. Mwaka 2011 Candice Hansen na wenzake walitangaza katika jarida la Science kwamba vilima vya kaskazini huchimbika na kujirekebisha kwa kufuata majira.

Mwaka wa Mirihi una siku 687 za Dunia. Majira ya baridi yakiingia, joto katika ncha hushuka hadi nyuzi 125 hivi chini ya sifuri, na kabonidayoksaidi, ambayo ni kama asilimia 95 ya hewa yote, huganda juu ya vilima. Jua la masika hupenya barafu hiyo na kuupasha mchanga ulio chini. Barafu ya chini hugeuka gesi bila kupitia hali ya maji. Gesi hubanwa, kisha hufyatuka kupitia nyufa, ikirusha mchanga mweusi unaoacha madoa juu ya weupe wa barafu. Madoa hayo yaliwahi kudhaniwa na watafiti wa Hungaria kuwa dalili za viumbe hai. Mchanga nao huporomoka kwenye miteremko mikali na kuacha makorongo, ambayo upepo huja kuyafukia.

Kusini, katika shimo la Russell, kuna mifereji iliyonyooka, mingine ikifikia urefu wa kilomita 2, ambayo awali ilisemwa kuwa imechimbwa na maji. Watafiti walinunua mabonge ya barafu kavu, yaani kabonidayoksaidi iliyoganda, wakayaachia kwenye vilima vya Utah na California. Yaliteleza juu ya gesi yao yenyewe, hata penye mteremko mdogo, yakichora mifereji kama ile.

Mwishoni mwa 2015 gari la Curiosity lilifika kwenye vilima vya Bagnold, karibu na ikweta. Huko barafu ya kabonidayoksaidi haiwi na nguvu ya kuchonga vilima. Mchanga husogezwa na upepo peke yake.